Wa Juu Hunywa Kwanza: Historia ya Maji Meru na Embu

Upande wa mashariki wa Mlima Kenya haujawahi kukosa mito. Rupingazi, Ena, Thuci, Nithi, Mutonga na Kathita yote huanzia kwenye misitu na vinamasi vya juu, hupita katikati ya chai na kahawa, kisha huteremka nyika ya Mbeere na Tharaka hadi Tana. Kilele kiko mita 5,199 juu ya bahari, na Tana inapofika Kiambere imeshuka chini ya mita 1,000. Mvua nayo hupungua kadiri ardhi inavyoshuka. Juu hunyesha mara mbili na zaidi ya inavyonyesha chini, na kati ya pande hizo mbili ni mwendo wa siku moja tu kwa miguu.

Kwa hiyo anayeandika historia ya maji ya Meru na Embu anaandika habari za mteremko. Maji yalikuwepo tangu zamani. Kilichogombaniwa miaka hii yote ni nani ayateremshe, nani ayafungie koki, na aliye mwisho wa bomba abakiwe na nini.

Hapo zamani watu wa nchi ya juu walijenga migongoni, na mito ikabaki mabondeni. Kulikuwa na sababu nzuri za kufanya hivyo, kwa kuwa mgongoni hapakuwa na unyevu mwingi, palikuwa rahisi kulinda, na mbu walikuwa wachache. Gharama yake iliangukia migongo ya wanawake. Waliteremka na vibuyu, wakapanda na vibuyu, na ukanda wa ngozi uitwao mukwa ukipita kwenye paji la uso. Baadaye kibuyu kilipokea debe, debe likapokea mtungi wa plastiki wa lita 20, lakini mukwa ukabaki. Kuna wanawake wazee wa Imenti na Kagaari ambao alama yake bado inaonekana kwenye vipaji vyao.

Huko chini, Mbeere na Tharaka, kazi ilikuwa nyingine. Mito mingi ya huko hukauka juu na kubakiza maji chini ya mchanga. Mwanamke hufukua kwa kata au kwa mikono hadi mchanga ubadilike rangi, kisha hungoja. Maji hujipenyeza polepole, na ya kwanza humwagwa kwa sababu yana tope. Ya pili huchotwa kwa kata ndogo, kidogo kidogo, hadi chombo kijae. Akimaliza huweka matawi ya miiba mdomoni mwa shimo ili ng'ombe wasilikanyage. Kiangazi kikikolea shimo huzidi kina, na foleni huanza alfajiri. Ajabu ni kwamba maji yale yaliyochujwa na mchanga mara nyingi yalikuwa safi kuliko ya mto wa juu ulioonekana wazi, mradi mifugo izuiwe.

Waingereza walifungua kituo cha Embu mwaka 1906, na mwaka 1908 Edward Horne akafungua cha Meru. Serikali yao haikujihusisha sana na maji ya vijijini. Iliyoyapatia maji ni maboma, misheni na hospitali. Vyoo vilipewa uzito zaidi, kwa njia ya amri. Chifu aliagizwa kuhakikisha kila mji, yaani makao ya familia moja, una shimo, na askari wake wakapita wakikagua. Watu wakachimba mashimo, wengi wakayaacha yakae bila kutumiwa, yawe ya kumwonyesha mkaguzi. Choo cha amri kilianza hivyo, na athari yake tutakutana nayo tena miaka 80 mbele.

Kitu kimoja cha enzi hiyo kilibadilisha mito yenyewe. Katika miaka ya 1930 serikali iliruhusu Waafrika wa Meru na Embu kupanda kahawa kwa majaribio, jambo ambalo walowezi walikuwa wamelizuia. Kahawa ilipoenea baada ya 1954, viwanda vya kuimenya vilijengwa kando ya mito kwa kuwa vinahitaji maji mengi ya kuosha buni. Maji hayo yakarudi mtoni yakiwa yamejaa utelezi na maganda yaliyochacha. Wa juu wakaanza kuuza kahawa, na wa chini wakaanza kuchota harufu yake.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 ili kuzima vita vya Mau Mau. Kuanzia katikati ya 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa kutoka miji yao na kusongwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikizungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Walioishi kutawanyika migongoni, kila mji na kichaka chake, walijikuta wamebanana nyumba kwa nyumba. Saa za kutoka zilipangwa na mlinzi. Wanawake walikwenda kuchota maji kwa makundi chini ya ulinzi, baada ya kazi ya lazima, na waliochelewa walirudishwa. Panapokuwa na watu wengi, mashimo machache na maji ya kupimiwa, homa ya matumbo na kuhara haviko mbali. Mara nyingi husemwa kwamba vijiji hivyo vilileta usafi na ustaarabu, kwa kuwa maofisa walipenda kupiga picha za mistari ya nyumba na vyoo. Mimi naona kwamba kwa wengi hapo ndipo choo na maji ya foleni vilipounganishwa akilini na adhabu.

Vijiji vilipovunjwa watu hawakurudi kwenye ramani ya zamani. Ardhi ilikuwa imekusanywa na kupimwa upya, kila mwenye shamba akaandikishiwa kipande kimoja. Vipande vingi vilikatwa virefu na vyembamba, kutoka barabara ya mgongoni hadi mtoni, ili kila mtu afikie maji. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa haki. Kwa miguu, nyumba ilikaa juu karibu na barabara, mto ukabaki chini ya shamba, na kilima kikawa kati yao.

Aliyevunja mpango huo alikuwa ng'ombe. Pamoja na kahawa, mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ulifungua njia ya ng'ombe wa gredi kwa wakulima Waafrika. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa zizini anaweza kunywa lita 50 na zaidi kwa siku, maana yake safari tatu za mtungi kabla mtoto hajapikiwa uji. Mwanamume ambaye hakuwahi kujali mkewe anateka maji wapi alianza kujali pale maziwa ya kupeleka dairi yalipopungua. Sisemi hivyo kwa kejeli. Ukifuata asili ya miradi mingi ya maji ya Meru na Embu utakuta ng'ombe mlangoni.

Tuuru inastahili kusimuliwa peke yake. Iko katika vilima vya Nyambene, nchi ya Igembe na Tigania. Vilima hivyo ni vya mwamba wa volkano wenye vinyweleo. Mvua hunyesha na ardhi huimeza, kwa hiyo sehemu kubwa ya eneo hilo haina mito ya kudumu ingawa msitu wa juu umefunikwa na ukungu karibu kila siku. Wamisionari wa Consolata walikuwa wamefungua hapo makao ya watoto waliolemazwa na polio. Polio huingia mwilini kwa mdomo na kutoka kwa haja kubwa, na huenda nyumba kwa nyumba pale mikono isipooshwa. Watoto hao, kwa hiyo, walikuwa wamelemazwa kwa sehemu na ukosefu wa maji na vyoo, na sasa walikuwa wamekusanywa mahali ambapo maji ya kuwaosha yalitafutwa mbali.

Kazi ya kuyaleta alipewa bruda Mwitaliano, Giuseppe Argese, mzaliwa wa Martina Franca, aliyefika Kenya mwaka 1957. Wenyeji walimwita Mukiri. Alikuwa fundi wa kujenga, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alipanda Mukululu, ndani ya msitu wa Nyambene, kutafuta chanzo. Aligundua jambo ambalo wenyeji walilijua kwa namna yao: msitu ule haungoji mvua. Ukungu hugonga majani, huning'inia kwenye kuvu na ndevu za miti, kisha hudondoka tone baada ya tone na kuzama kwenye udongo. Kazi yake ilikuwa kuyakinga maji hayo kabla mwamba haujayameza. Alijenga mabanio ya kuyakusanya, kisha bwawa la kuyahifadhi kwa ajili ya kiangazi, kisha akaanza kutandaza mabomba kuelekea chini.

Makao ya watoto yalipopata maji, majirani nao wakaomba. Shule ikaomba, zahanati ikaomba, na soko la chini zaidi likaomba pia. Kwa miaka mingi bomba likarefuka hadi mtandao ukapita kilomita 200, ukiwa na matangi, vioski na mabirika ya kunyweshea mifugo, ukawafikia watu wa nyanda za chini waliokuwa wakitembea nusu siku. Fedha nyingi zilitoka kwa wafadhili wa Ulaya, na mitaro ilichimbwa na wenyeji. Mukiri alikaa msituni miaka na miaka, na watu wakamwona zaidi akiwa na spana kuliko akiwa na rozari.

Mradi wa Tuuru ulionyesha pia ugumu wa mteremko. Maji ya mserereko hayahitaji dizeli wala umeme, ndiyo sababu yalipendwa, lakini kila mita 10 za kushuka huongeza bar 1 ya nguvu ndani ya bomba. Ukilishusha bomba mita 300 bila kulikatiza, maji ya chini yana bar 30. Mabomba ya plastiki yaliyouzwa Kenya yalitengenezwa kwa madaraja, ya bar 6, 9, 12 na 15, na hakuna hata moja linalostahimili hizo. Kwa hiyo kila baada ya hatua fulani hujengwa tangi dogo ambalo maji humwagikia, nguvu inakufa, na safari inaanza upya. Tangi hilo lina boya la kufungia maji kama la choo cha kuvuta. Boya likikwama, ama maji hufurika njiani, ama wa chini hukauka. Kipande kimoja cha shaba kisichozidi kiganja kinaweza kuwakausha watu wa kata nzima, na kukibadilisha kunahitaji mtu anayelipwa.

Nchi nzima wakati huo ilikuwa ikiimba harambee, wito wa Kenyatta wa 1963. Harambee za maji Meru na Embu zilishika moto katikati ya miaka ya 1970. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazil, bei ya dunia ikapanda hadi 1977, na vyama vya ushirika vya nchi ya juu vikapata fedha ambazo havikuwahi kuziona. Makato ya maji yakaanza kukatwa kwenye malipo ya kahawa. Kila mwanachama alitoa fedha na siku zake za kuchimba mtaro, hatua alizopimiwa kwa kamba. Aliyeshindwa alipigwa faini. Daftari liliandikwa jina la mwenye shamba, yaani mume, lakini aliyekuwa na jembe mtaroni kwa kawaida alikuwa mke. Miradi kama ya Muthambi na Murugi-Mugumango, katika nchi ambayo leo ni Tharaka-Nithi lakini wakati huo ilikuwa Meru, ilitoka katika mila hiyo, na mingi bado inatoa maji.

Serikali nayo iliahidi. Mwaka 1974 iliunda Wizara ya Maendeleo ya Maji na kutangaza maji kwa wote ifikapo mwaka 2000. Sweden iliingiza fedha nyingi katika maji ya vijijini, na Uingereza ikaja na programu ya nyanda kame za Embu, Meru na Isiolo. Mitambo ikajengwa, ikazinduliwa, ikapakwa rangi. Kisha bajeti za miaka ya 1980 zikanywea, mafundi wa wizara wakabaki na ofisi bila gari, na mabomba yakaanza kuvuja.

Kuna kipimo cha hali hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gilbert White, Anne White na David Bradley walipima matumizi ya maji katika vituo 34 vya Kenya, Uganda na Tanzania, wakachapisha kitabu Drawers of Water mwaka 1972. Bradley ndiye aliyeeleza humo kwamba magonjwa mengi hayaletwi na uchafu wa maji peke yake, huletwa na uchache wake. Upele, trakoma na kuhara hupungua watu wanapopata maji ya kutosha kunawa, hata kama si safi kabisa. Watafiti wengine walirudi vituoni humo mwaka 1997. Waligundua kwamba nyumba zenye bomba zilikuwa zikitumia karibu nusu tu ya maji ya zamani, kwa sababu mabomba hayakutoa tena mchana kutwa. Nyumba zisizo na bomba zilikuwa zimeongeza matumizi. Mwaka 2000 ulipofika, ahadi ilikuwa imekwisha kusahauliwa bila mtu kuifuta rasmi.

Upande wa Mbeere mambo yalichukua sura ya kuudhi zaidi. Tana ilizibwa kwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Nairobi ikawaka. Familia zilihamishwa kupisha maji, na nyingi zikahamia mahali ambapo bwawa linaonekana lakini maji hayafiki, kwa kuwa yako chini na nyumba ziko juu, na pampu ni fedha. Kwa hiyo watu wa Mbeere walikuwa chini ya mito ya Embu na juu ya maziwa ya serikali, wakanyimwa na pande zote mbili. Punda akawa mali ya maana kuliko baiskeli.

Huko juu, wakati huo huo, maji yaliyokusudiwa mdomo na zizi yaligeuzwa mashambani. Mishiri, yaani maharagwe machanga, ya kuuzwa Ulaya, nyanya, kabichi, na Igembe miraa, vyote vinalipa haraka vikimwagiwa maji wakati wa kiangazi. Mwanachama aliyeruhusiwa bomba la nusu inchi alichimba usiku akaunga la inchi moja. Kiangazi cha 1999 hadi 2001 kiliweka wazi kilichokuwa kikifichwa: mito iliyokuwa ikifika Tana mwaka mzima ilianza kukatikia njiani, na watu wa chini wakapanda na mapanga kwenda kufungua mabanio. Fundi wa bomba, kijana mmoja mwenye spana na funguo za koki, akawa mtu wa kubembelezwa na kutishwa.

Sheria ya Maji ya 2002 ilijaribu kuliingilia jambo hili kwa kutenganisha mamlaka ya mito na biashara ya bomba. Ilihimiza kila mto uwe na chama cha watumiaji, wa juu na wa chini mezani pamoja. Mradi wa Mlima Kenya Mashariki, uliogharamiwa hasa na IFAD, mfuko wa kilimo wa Umoja wa Mataifa, kuanzia 2004, ulivilea vyama hivyo kwenye Kapingazi, Ena, Tungu, Mutonga na Kathita. Vikao vyao vya kwanza, kwa kusikia wanavyosimulia waliohudhuria, havikuwa vya upole. Lakini kazi moja ilifanya tofauti kubwa kuliko hotuba: kuwapandisha wa chini kwa lori hadi chanzoni wakaone, na kuwateremsha wa juu hadi pale mto unapoishia kwenye mchanga. Baada ya hapo zamu za kumwagilia zilianza kuandikwa na, katika baadhi ya mito, kufuatwa. Katika mingine zilifuatwa hadi mradi ulipokwisha.

Vyoo vilisubiri zaidi. Njia mpya iliingia Kenya mwaka 2007 ikitokea Bangladesh, alikoianzisha Kamal Kar: hakuna saruji ya bure, hakuna askari. Afisa wa afya huwaomba wanakijiji wachore ramani ya kijiji chini kwa unga au majivu, kila mtu aweke alama anapojisaidia, kisha huwaongoza kwa miguu hadi vichakani. Wakirudi, afisa huchukua glasi ya maji safi, huchovya unywele uliogusa kinyesi, na kumkaribisha mtu anywe. Hakuna anayekunywa. Ndipo huuliza nzi ana miguu mingapi. Mwaka 2011 Kenya ililenga vijijini kote kusiwe na mavi nje ifikapo 2013, na lengo likapita kama la mwaka 2000 lilivyopita.

Hata hivyo mashimo ya safari hii yalitumika zaidi kuliko yale ya chifu, kwa kuwa mwenye shimo alilichimba kwa kuona aibu mbele ya jirani, na jirani haondoki kama mkaguzi. Penye mchanga wa Mbeere mengi yalibomoka mvua ya kwanza, yakachimbwa upya kwa kujengewa fito au mawe ndani. Kando ya mlango kulitundikwa kibuyu chirizi: mtungi wa lita tano uliotobolewa, tundu likazibwa kwa mrija wa kalamu, na sabuni ikaning'inizwa kwa uzi, au majivu kwenye kopo pale sabuni inapoliwa na panya. Maji yanayotumika kunawa mara moja hayajazi kikombe. Hapo hesabu ya Bradley inarudi, kwa kuwa hata kikombe hicho lazima kitoke mahali.

Katiba ya 2010 iliandika maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki katika kifungu cha 43, na mwaka 2013 huduma hizo zikakabidhiwa kaunti. Kaunti zimependa visima virefu kuliko mabomba marefu, kwa sababu kisima huzinduliwa mara moja katika kata moja mbele ya wapiga kura wake, ilhali bomba hupita kwa wapiga kura wa mtu mwingine. Mwamba wa kale ulio chini ya Mbeere na Tharaka mara nyingi hutoa maji ya chumvi, na pampu ya umeme wa jua ikiharibika kijiji hurudi kwenye mchanga. Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua kushindwa, ulirudisha malori ya maji kwenye barabara ambazo mabomba yamezikwa kandokando yake.

Na sasa kuna mvutano wa karatasi. Sheria ya 2016 inataka wanaouza maji wawe na leseni na hesabu zilizokaguliwa, na miradi ya harambee inatazamwa na kampuni za maji za kaunti kama mtandao uliokwisha kujengwa, unaongoja tu kuchukuliwa. Wanachama wanatoa stakabadhi za makato ya kahawa ya 1976, karatasi zilizogeuka rangi ya chai, na kuuliza thamani yake ni kiasi gani. Madaftari yana majina ya wanaume ambao wengi wamekwisha kuzikwa. Wake zao waliochimba hawakuandikwa, kwa hiyo hawapigi kura kwenye mkutano mkuu, isipokuwa pale kamati ilipokubali jina la marehemu libadilishwe. Baadhi ya kamati zimekubali. Nyingine zinadai kwanza ada ya uhamisho, na mjane anayeambiwa hivyo huwa amekwisha kulipia bomba hilo mara moja, kwa jembe.